'Bonge', 'inzobe', 'mrefu': Namna ya kutaja umbo la mtu bila kumvunjia heshima mpakani Gisenyi

Katika kivuko cha Petite Barrière, kati ya Gisenyi, wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, na mji wa Goma wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wachuuzi huvuka na bidhaa zao kila siku. Wasiojuana kwa majina hutambulishana kwa maumbo: yule mrefu, yule mnene, yule mweupe. Je, utambulisho hugeuka tusi wakati gani?

Ngeli hubeba heshima

Katika Kiswahili, kiambishi pekee chaweza kumdhalilisha mtu. "Mtu mnene" ni maelezo. "Jitu nene" na "kijitu kifupi" ni dharau, kwani mhusika ameondolewa katika ngeli ya watu. "Bonge" na "kimbaumbau" huvumilika baina ya marafiki, ila humuudhi mgeni. Muungwana husema "mwenye mwili", "mwembamba" au "mfupi wa kimo".

Kuhusu rangi ya ngozi, "maji ya kunde" hutaja weusi usiokoza bila kumkejeli mtu. Kinyarwanda nacho kina "inzobe" kwa mwenye ngozi angavu na "igikara" kwa aliyekoza weusi.

Umri nao huamua. Kwa wazee wengi, "umenenepa" ni pongezi ya afya na riziki. Kwa vijana wengi wa mjini, ni lawama.

Kwa nini tahadhari zaidi hapa?

Wakoloni wa Kibelgiji walihusisha kimo na pua na kabila, na katika miaka ya 1930 wakatoa vitambulisho vilivyotaja kabila la kila mtu. Mwaka 1990 Hassan Ngeze, mwenyeji wa Gisenyi, alianzisha gazeti la Kangura lililochochea chuki dhidi ya Watutsi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, sura na urefu viliweza kumponza mtu kwenye vizuizi vya barabarani.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulionya tena kuhusu kauli za chuki na mashambulizi dhidi ya Banyamulenge mashariki mwa Congo.

Ndiyo maana mpakani ni salama zaidi kumtaja mtu kwa alichovaa au anachouza: "yule mama wa kitenge cha buluu", "yule ndugu wa viazi". Nguo na biashara hubadilika. Umbo mtu hakulichagua.