Kabla ya Kuing'oa Pampu

Jumamosi asubuhi mtaani Karen, Lang'ata au Lavington, bauza la maji likiingia kwenye lango la mtu, majirani huelewa mara moja kwamba kisima cha nyumba hiyo kimenyamaza. Fundi ameshapigiwa simu, ameshafika, na hukumu imeshatoka: pampu imeungua. Lori lenye kreni linaitwa, mabomba yanang'olewa moja baada ya jingine, pampu mpya inanunuliwa mjini. Katika nyumba nyingi hayo yote hufanyika kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu pampu ya kisima hutoa dalili kwa wiki, pengine kwa miezi, kabla ya kufa. Tena mara nyingi kinachoitwa ugonjwa wa pampu si wa pampu hata kidogo. Ni ugonjwa wa stima, wa kebo, wa bomba, au wa kisima chenyewe.

Wingi wa visima hivi una historia yake. Maji ya mfereji ya Nairobi hutoka mbali. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, liko Murang'a na linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70; Sasumua liko Nyandarua; kuna pia bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu zilizoanza kulihudumia jiji hili lingali mji mdogo wa reli. Jiji limekua kuliko vyanzo vyake, na mgao wa maji umekuwa sehemu ya maisha. Kila aliyekuwa na uwezo alichimba. Hoteli na majengo ya ofisi katikati ya jiji yana visima vyake, na huko Kilimani na Kileleshwa, mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani yake, leo kuna ghorofa lenye makumi ya familia zinazotegemea pampu moja.

Ardhi ya upande huu wa magharibi wa jiji ni matabaka ya mawe ya volkano, na katikati ya matabaka hayo kuna mashapo ya maziwa ya kale yanayobeba maji. Mvua inayoyalisha hunyesha zaidi juu kwenye vilima vya Ngong na ukingo wa Bonde la Ufa, kisha maji husafiri polepole sana chini kwa chini kuelekea mashariki. Kuyafikia mara nyingi humaanisha kuchimba mita 200, au 300, au zaidi. Kina hicho ndicho kinachoufanya ukarabati uwe ghali. Bomba la chuma huuzwa kwa vipande vya mita 6, kwa hiyo pampu iliyoning'inia mita 200 chini imeshikiliwa na vipande zaidi ya 30, na kila kimoja lazima kifunguliwe huku uzito wa vingine vyote ukishikiliwa na kibanio mdomoni mwa kisima. Kibanio kikiteleza, pampu na mabomba yote huanguka, na kisima kizima kinaweza kupotea. Mwenye kusema "tuitoe tuione" na ajue anachokisema.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie ukutani, kwenye paneli ya stima ya pampu.

Fungua mlango wa paneli uangalie vipimo viwili: volti na ampea. Stima ya fezi moja nchini Kenya ni volti 240, ya fezi tatu ni 415. Ampea ndizo zinazokuambia pampu inafanya kazi kiasi gani. Pampu inapokuwa mpya na kisima kiko sawa, usomaji huo una thamani kubwa mno, na haugharimu hata shilingi. Uandike kwa wino usiofutika upande wa ndani wa mlango wa paneli, pamoja na tarehe, na muda unaochukua kujaza tangi. Hapo baadaye utakuwa na cha kulinganisha.

Ampea zikiwa sufuri na pampu kimya, tatizo huenda liko juu ya ardhi: fyuzi imekatika, kontakta imeungua mdomo, kapasita imevimba, au swichi ya boya kwenye tangi imekwama ikidhani tangi limejaa. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa fundi wa stima mwenye cheti. Katika nyumba za fezi tatu kuna balaa jingine, la fezi moja kupotea, jambo linalotokea baada ya mvua kubwa mti unapoangukia nyaya. Mota ikiwa inazunguka wakati huo hujaribu kuendelea na mbili zilizobaki. Ampea hupanda ghafla, na bila relei ya kuikata, nyuzi zake zinaweza kuungua kwa dakika chache. Bei ya relei hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya mota. Anayejenga paneli bila kuiweka amemwibia mwenye nyumba.

Ampea zikipanda kupita kiwango cha kawaida na paneli ikawa inakata kila mara, kuna kitu kinaizuia mota kuzunguka, au volti imeshuka mno. Mchanga uliokwama kwenye impela, gurudumu la pampu linalosukuma maji, ni chanzo kimojawapo. Hapa watu hufanya kosa baya: kuongeza kikomo cha relei ili ikome kukata. Relei haikusumbui, inakuonya. Ukiinyamazisha, kitakachoamua siku ya kusimama ni moto ndani ya mota.

Ampea zikishuka na maji yakawa machache, soma kwa makini zaidi. Kama maji yanatoka kwa kukohoa, yakiwa yamechanganyika na hewa, basi kimo cha maji kisimani kimeshuka hadi karibu na pampu. Hilo ni hatari kwa sababu ya jinsi kifaa chenyewe kilivyoundwa. Mota iko chini, pampu juu yake, maji huingia katikati, na ni maji hayohayo yanayopita ubavuni mwa mota ndiyo yanayoipoza. Ikizunguka pakavu, inajipika. Kihisi cha kimo cha maji kisimani huizima kabla ya hapo, na kisima kikipumzika saa kadhaa, maji hurudi.

Lakini kuna hali ya nne ambayo mafundi wa haraka huikosa. Ampea ziko kawaida, mota inavuma vizuri, tangi halijai. Katika hali hii tumia sikio. Subiri mtaa utulie, washa pampu, inama mdomoni mwa kisima usikilize. Ukisikia maji yakimiminika ndani, mfano wa bafu lililoachwa wazi huko chini gizani, bomba limetoboka. Kutu imelila, hasa kwenye maungio, na pampu yako nzima inayapandisha maji na kuyarudisha kulekule yalikotoka, huku bili ya stima ikienda. Zima sasa, na uendelee kusikiliza. Kama mmiminiko unaendelea kwa dakika kadhaa baada ya kuzima, maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba yanashuka, kupitia tundu hilo au kupitia vali ya chini ambayo haizuii tena. Usiiwashe upesi katika hali hiyo. Maji yanayoshuka kupitia vali hiyo huizungusha pampu kinyumenyume, na ukiiwasha wakati huo unaweza kuuvunja mhimili wake.

Kabla ya kukubali kung'oa, mwambie fundi alete mega, kile kipimo cha ukinzani wa kihami cha kebo na mota. Kinapima kutoka juu, bila kufungua bomba hata moja. Usomaji ukiwa megaohmu kadhaa, hakuna maji yaliyoingia kwenye nyuzi. Ukishuka chini ya nusu megaohmu, kuna ufa mahali fulani, pengine kwenye kiungio cha kebo tu. Fundi asiye na mega na anayetaka kuleta kreni, mshukuru kwa kufika kwake, umlipe nauli, umtafute mwingine.

Sasa nije kwenye neno linalosikika sana upande huu wa jiji: "Bosi, tuishushe." Kisima kinakohoa, basi pampu inashushwa mita 20, maji yanarudi, kila mtu anafurahi. Baada ya miaka michache inashushwa tena. Huko si kutengeneza. Ni kuyafuata maji yanayokimbia, na yanakimbia kwa sababu sote tunayavuta. Maji ya chini ya Nairobi yameshuka kwa makumi ya mita katika sehemu nyingi tangu katikati ya karne iliyopita. Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo mapema; mwaka 1953 eneo la Nairobi lilitangazwa kuwa la hifadhi ya maji ya chini ya ardhi. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji ziko mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya Wakenya. Maana yake, ploti ni yako, shimo ni lako, pampu ni yako, maji si yako peke yako. Ndiyo maana kuna kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ndiyo maana kisima kinatakiwa kiwe na mita na lile bomba jembamba la kupimia kimo cha maji, ambalo katika nyumba nyingi limezibwa au halikuwekwa kabisa.

Zaidi ya hayo, ukishuka huenda ukakutana na maji mengine. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto ndiyo yanayoonyesha kwanza. Kuyachemsha maji hakuiondoi floraidi. Kila pampu inaposhushwa, maji yapelekwe maabara tena kabla ya mtoto kuyanywa.

Songa sasa hadi Kawangware, Dagoretti, Mutuini, Kinoo, mpaka mashamba ya Kikuyu. Huko kuna visima vya kuchimbwa kwa jembe na sururu, na pampu ndogo zinazokaa juu na kunyonya. Malalamiko ya kawaida ni kwamba pampu mpya, iliyonunuliwa juzi, haivuti. Kosa mara nyingi ni la hesabu. Pampu ya kunyonya haivuti maji. Inaondoa hewa bombani na kuuacha uzito wa hewa ya nje uyasukume juu. Pwani, uzito huo unaweza kuyapandisha mita 10 hivi kwa nadharia. Hapa, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kikomo cha nadharia ni kama mita nane na nusu. Kwa kazi halisi, hesabu 6. Kisima chako kikiwa na maji mita 9 chini, hakuna pampu ya kunyonya itakayoyafikia, hata ukiibadilisha mara ngapi. Nunua ya kuzamisha. Kama maji yako karibu lakini bado haivuti, angalia hewa inapoingia, kwenye maungio ya bomba la kunyonyea na kwenye vali ya chini yake.

Na hapa lazima niseme jambo kwa uzito wote. Usimteremshe mtu kisimani kutengeneza pampu, wala usiteremshe injini ya petroli humo. Moshi wake hujaa shimoni, hewa nzito isiyofaa kupumua hukaa chini, na mtu huzimia kabla hajaweza kupiga kelele. Anayemfuata kumwokoa huzimia naye. Familia zimezika watu wawili kwa sababu ya kisima kimoja. Vuta pampu juu kwa kamba, au mwite mwenye vifaa. Na kisima kilicho karibu na choo cha shimo kitiwe klorini kila kinapofunguliwa, maji yake yasinywewe bila kutibiwa.

Ukienda mjini kununua, usiulize pampu ya nguvu farasi ngapi. Mwambie muuzaji kimo cha maji kisimani, umbali wa juu hadi kwenye tangi, na lita unazohitaji kwa saa, kisha umtake akuonyeshe kwenye mchoro wa pampu hiyo mahali inapoangukia. Muuzaji mwaminifu wa Grundfos au Pedrollo au nyingine yoyote ana mchoro huo. Chukua risiti yenye namba ya mota, na uilinganishe na iliyochongwa kwenye kibao chake kabla haijatoka dukani.

Wapo waliofanya hesabu ya faida ya kujua mapema. Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vitumaji vidogo kwenye mikono ya pampu za mkono, vikaripoti kwa mtandao wa simu jinsi pampu ilivyotumika. Muda wa pampu kukaa mbovu, ambao awali ulikuwa wastani wa siku 27, ulishuka chini ya siku 3. Pampu zilibaki zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua mapema, na fundi akaja.

Wewe mwenye kisima Karen au Kinoo huhitaji kitumaji. Unahitaji daftari la shilingi hamsini lililofungwa kwa uzi kwenye paneli, na mtu wa nyumbani, awe mlinzi au mtunza bustani au wewe mwenyewe, anayeandika kila Jumamosi volti, ampea, kimo cha maji na usomaji wa mita. Anza Jumamosi hii, pampu ikiwa bado nzima.