Mbinu Zisizo za Kimaadili za Kupandisha Tovuti katika Injini za Utafutaji na Hatari Zake kwa Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mbinu zisizo za kimaadili zinazotumiwa kupandisha tovuti katika matokeo ya injini za utafutaji na kuchambua hatari zake kwa wafanyabiashara wa eneo la Kariakoo. Hoja kuu ni kwamba mbinu hizo humpa mfanyabiashara mwonekano wa muda bila kumjengea uaminifu, na kwamba gharama ya kugunduliwa humwangukia mwenye duka zaidi kuliko fundi aliyezitekeleza. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha utaratibu wa injini za utafutaji na desturi ya uwinga sokoni, kwa kurejelea visa vya BMW (2006), J. C. Penney (2011) na Mocality (2012), na kwa kuangalia sheria za Tanzania zinazohusika.

1.0 Utangulizi

Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ni kitovu cha biashara ya jumla na rejareja jijini Dar es Salaam. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilizinduliwa mwaka 1975. Kulizunguka, mitaa ya Msimbazi, Congo, Aggrey, Narung'ombe na mingineyo imejaa maduka yanayowahudumia wanunuzi wa mikoani na wa nchi jirani, zikiwemo Zambia, Malawi, Komoro na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa eneo hili alijulikana kwa mahali alipo na kwa sifa zilizosambazwa kwa mdomo. Moto ulioliunguza soko kuu tarehe 10 Julai 2021 ulidhihirisha udhaifu wa kutegemea mahali peke yake, kwani waliokuwa wakifanya biashara ndani ya jengo walilazimika kuhamia kwingine. Mteja wa mbali aliyezoea kizimba fulani alihitaji njia nyingine ya kumpata muuzaji wake. Injini ya utafutaji ni mojawapo ya njia hizo, na kwa mnunuzi aliyeko Mbeya au Lusaka huenda ikawa ndiyo mlango wa kwanza wa kuingilia sokoni. Umuhimu huo ndio unaozaa kishawishi cha kuufungua mlango huo kwa hila.

2.0 Namna injini ya utafutaji inavyopanga matokeo

Injini ya utafutaji hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu zake hupita katika kurasa za intaneti kwa kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, maudhui ya kurasa hizo huhifadhiwa katika faharasa. Tatu, mtu anapoandika swali, algoriti huchagua kurasa zinazofaa na kuzipanga kwa daraja. Mchango wa waasisi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, mwaka 1998 ulikuwa ni kukihesabu kiungo kama pendekezo: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi zenye hadhi huchukuliwa kuwa na hadhi zaidi. Leo viungo ni kigezo kimoja tu miongoni mwa vingi, lakini mantiki ya pendekezo ingali na nguvu.

Mantiki hiyo si ngeni Kariakoo. Winga ni mtu anayemwongoza mteja hadi dukani na kujipatia riziki kwa kuongeza chake juu ya bei ya mwenye duka. Mteja mzoefu anafahamu kwamba winga ana maslahi, hivyo huyapima maneno yake kwa kipimo hicho. Tofauti kati ya winga na kiungo kilichonunuliwa imo hapo. Mtafutaji wa mtandaoni haoni kwamba pendekezo limelipiwa, na injini yenyewe imelihesabu kama kwamba limetolewa kwa hiari. Kwa hiyo, ubaya wa kimaadili unaojadiliwa hapa hautokani na malipo yenyewe. Unatokana na kuyaficha. Kanuni za Google zinaruhusu viungo vya matangazo mradi viwekewe alama inayoieleza injini kuwa vimelipiwa.

Ni muhimu pia kutofautisha hila na uboreshaji halali. Kuandika kichwa cha ukurasa kinachosema kweli, kuweka picha za bidhaa iliyopo dukani, kutaja bei na saa za kazi, kuhakikisha ukurasa unafunguka haraka kwenye simu na kujibu kwa Kiswahili maswali ambayo wateja huuliza ni kazi halali inayomsaidia mtafutaji na injini kwa pamoja.

3.0 Aina za mbinu zisizo za kimaadili

3.1 Mbinu za maudhui

Mbinu kongwe ni kurundika maneno. Ukurasa wa muuza vitenge, kwa mfano, hurudia maneno "vitenge vya jumla Kariakoo" mara nyingi kuliko sentensi inavyoweza kuyabeba. Ndugu yake ni maandishi yaliyofichwa, yanayowekwa kwa rangi ileile ya usuli ili yasomwe na programu bila kuonwa na mtu. Mbinu ya tatu ni ya sura mbili, ambapo seva huipa injini ukurasa mmoja na kumpa binadamu ukurasa mwingine. Nyingine ni kurasa za mlango: duka moja hutengeneza kurasa nyingi zinazofanana, kila moja ikitaja mji wake, ilhali zote zinamfikisha mteja palepale. Mwezi Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya uzalishaji wa maudhui kwa wingi usio na manufaa kwa msomaji, yawe yameandikwa na watu au na mashine.

3.2 Mbinu za viungo

Hapa mhusika hununua viungo, hubadilishana viungo kwa makubaliano, au hujenga mtandao wa tovuti zisizo na wasomaji ambazo kazi yake pekee ni kuielekea tovuti ya mteja. Wengine hununua vikoa vilivyoisha muda ili kurithi hadhi iliyojengwa na wamiliki wa awali. Kiwango cha juu cha ubaya ni kudukua tovuti za watu wengine na kupandikiza viungo ndani yake bila wenyewe kujua.

3.3 Mbinu za utambulisho

Kundi hili ndilo lililo karibu zaidi na maisha ya soko. Linajumuisha maoni bandia ya wateja, kuweka kwenye ramani duka lisilokuwepo, na kunakili picha na maelezo ya duka jingine. Muuzaji asiye na duka anaweza kujitambulisha kuwa yupo Mtaa wa Congo. Mnunuzi wa mkoani hana njia rahisi ya kuthibitisha kabla hajatuma fedha.

4.0 Hatari kwa biashara

4.1 Kupoteza mwonekano

Adhabu huja kwa njia mbili. Algoriti yenyewe yaweza kuipunguzia tovuti daraja, kama ilivyotokea kwa tovuti nyingi baada ya sasisho la Google lililoitwa Penguin, lililozinduliwa tarehe 24 Aprili 2012 kwa lengo la kukabili hila za viungo na urundikaji wa maneno. Vilevile, mkaguzi wa kibinadamu anaweza kuchukua hatua dhidi ya tovuti mahususi, hata kuiondoa kabisa kwenye matokeo. Mwezi Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa sababu ya kurasa za mlango, na ikarejeshwa baada ya kurasa hizo kufutwa.

Kisa cha J. C. Penney, kampuni ya maduka ya Marekani, kinafundisha zaidi. Mwezi Februari 2011 gazeti la The New York Times lilibainisha kuwa maelfu ya viungo kutoka tovuti zisizohusiana na bidhaa zake yalikuwa yakiipandisha. Google ilipochukua hatua, neno la utafutaji ambalo lilikuwa likiipa kampuni hiyo nafasi ya kwanza liliiacha katika nafasi ya 71 ndani ya saa chache. Kampuni ilikana kuviidhinisha viungo hivyo na ikaachana na washauri wake wa utafutaji. Hata hivyo, kukana huko hakukuizuia adhabu, kwani injini huiadhibu tovuti bila kujali ni mkono wa nani ulioiharibu.

BMW na J. C. Penney zilikuwa na majina, matawi na bajeti za matangazo za kuzivusha. Duka la Kariakoo linalotegemea tovuti moja kupata wateja wa mbali halina akiba hiyo. Wiki chache za kutoonekana katika msimu wa sikukuu zaweza kumaanisha mzigo ulioagizwa kwa mkopo kubaki ghalani.

4.2 Kupoteza umiliki

Hatari ya pili haitokani na injini. Inatokana na uhusiano kati ya mwenye duka na fundi wake. Pale ambapo kikoa kimesajiliwa kwa jina la fundi, nywila ziko kwake na hakuna mkataba wa maandishi, mwenye duka hawezi kusoma taarifa ya adhabu, kuondoa viungo vichafu wala kuomba tovuti ikaguliwe upya. Fundi aliyelipwa kwa kigezo cha "kufika ukurasa wa kwanza" hukamilisha kazi yake siku tovuti inapopanda. Inaposhuka, ameshalipwa. Mgawanyo huu wa faida na hasara unaeleza kwa nini mbinu chafu huendelea kuuzika licha ya matokeo yake kujulikana.

4.3 Dhima ya kisheria

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Maoni bandia na anwani ya kubuni vinaweza kuangukia katika katazo hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai, jambo linalogusa moja kwa moja upandikizaji wa viungo kwa udukuzi. Mfanyabiashara aliyelipia huduma hiyo kwa kujua hawezi kujificha nyuma ya fundi.

4.4 Kuharibika kwa jina la pamoja

Jina "Kariakoo" ni neno la utafutaji linalotumiwa na maelfu ya wauzaji, na thamani yake imejengwa na wote. Kila duka la kubuni linalojipachika jina hilo hupunguza imani ya mnunuzi wa mbali kwa maduka ya kweli. Thamani ya taarifa za kuaminika kuhusu wafanyabiashara ilidhihirika nchini Kenya mwezi Januari 2012, wakati Mocality, saraka ya biashara ya jijini Nairobi, ilipodai kuwa watu wa mradi wa Google walichukua taarifa zake na kuwapigia simu wafanyabiashara wakidai kushirikiana nayo. Google iliomba radhi. Kisa hicho hakikuhusu upandishaji wa tovuti, lakini kinaonyesha kwamba uhusiano wa uongo unapodaiwa, uaminifu unaoumizwa ni ule uliojengwa na mwingine.

5.0 Mapendekezo

Mfanyabiashara anayetafuta huduma hii anashauriwa kusajili kikoa kwa jina lake au la kampuni yake, kushika mwenyewe akaunti ya Search Console ambamo taarifa za adhabu hutolewa, na kudai orodha ya kila kiungo kinachojengwa kwa niaba yake. Ahadi ya nafasi ya kwanza yenye uhakika iwe sababu ya kumkataa fundi, kwa kuwa hakuna mtu wa nje anayeidhibiti algoriti. Malipo yafungamane na kazi inayoweza kukaguliwa. Jumuiya za wafanyabiashara, kwa upande wao, zinaweza kutunza saraka ya maduka yaliyothibitishwa kwa mtaa na namba ya duka, ili mnunuzi wa mbali awe na mahali pa kuhakikisha kabla ya kulipa.

6.0 Hitimisho

Mbinu zisizo za kimaadili hufanikiwa kwa kuwa huiga dalili za uaminifu: mapendekezo, maoni na anwani. Dalili hizo zinapogundulika kuwa bandia, tovuti hupoteza daraja, mwenye duka hubaki na dhima, na soko zima hupungukiwa na imani. Kwa biashara ya Kariakoo, ambako mnunuzi wa mbali mara nyingi hutuma fedha kabla ya kuuona mzigo, imani hiyo ndiyo mtaji wenyewe, na kuurejesha ukishapotea huchukua muda mrefu kuliko kuirejesha tovuti kwenye ukurasa wa kwanza.