Je, Wajua? Faili la Bakapu Lisilojulikana Hujitaja Lenyewe!

Je, wajua kwamba jina la faili linaweza kukudanganya, ila baiti zake za mwanzo mara nyingi husema kweli? Lile faili la zamani ulilolikuta kwenye flashi, ambalo kompyuta inakataa kulifungua, lifungue kwa Notepad. Achana na matakataka yanayojaa kwenye skrini. Soma herufi za kwanza tu, kisha funga bila kuhifadhi chochote.

Umeona %PDF? Basi ni hati ya PDF, hata kama jina lake linaishia na .bak. Umeona GIF89a? Ni picha. Rar!, tena na alama yake ya mshangao? Hilo ni furushi la RAR.

Ukikuta PK, shika kiti! Hizo ni herufi za jina la mtu: Phil Katz, Mmarekani aliyetuletea ZIP mwaka 1989. Alifariki mwaka 2000, lakini hadi leo hati zako za .docx, majedwali yako ya .xlsx na programu za simu za .apk huanza na herufi zake. Unabisha? Toa nakala ya hati ya .docx yenye picha, badilisha mkia wa jina uwe .zip, uifungue. Ingia folda ya word, kisha media: picha zako hizo hapo, moja moja!

Na MZ mwanzoni mwa programu za Windows? Huyo ni Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft.

Wewe uliyewahi kuwa na Nokia, sogea hapa. Bakapu ya .nbu iliyotengenezwa na Nokia PC Suite huficha ndani yake majina na namba za simu kwa maandishi ya kawaida kabisa. Tafuta neno BEGIN:VCARD. Simu yenyewe ilishakufa zamani, lakini namba za watu wako huenda bado zinasomeka!

Bakapu ya Android ya .ab ndiyo haina siri hata kidogo: mstari wake wa kwanza umeandikwa ANDROID BACKUP. Shuka hadi mstari wa nne. Ukisoma none, shangilia, haina nywila. Ukisoma AES-256, anza kuikumbuka nywila yako.

Bakapu ya WhatsApp je? Tangu mwaka 2021 unaweza kuifunga kwa ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia!

Na je, wajua kwamba programu inayotambua faili kwa kulichungulia ndani ilikuwapo kwenye Unix tangu 1973? Inaitwa file, na bado inatumika. Mwenzake PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, hupekua kadi ya kumbukumbu iliyofutwa na kutambua aina zaidi ya 480 za mafaili bila kujali majina. Na ni ya bure!

Hili ndilo linanifurahisha kuliko yote. Mwaka 1985 msanii Andy Warhol alichora picha kwenye kompyuta ya Amiga, zikabaki kwenye diski za floppy kwa karibu miaka 30. Wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuta mafaili ya muundo wasioujua, wakaupambanua wenyewe, na mwaka 2014 dunia ikaziona. Mojawapo ni Venus mwenye macho matatu!

Sasa nenda kaitafute ile flashi yako. Ila nakuomba, nakili faili mahali pengine kwanza, ufanyie majaribio kwenye nakala. Na kama ni kadi ambayo umefuta picha zake kwa bahati mbaya, acha kuitumia sasa hivi: kila picha mpya unayopiga inaweza kuandikwa juu ya ile unayoitafuta.