AFYA: Uso unapovimba baada ya mvua, chanzo si chavua pekee

MVUA zinapokatika na nyasi kuanza kutoa mashuke katika nyanda za Oltepesi, Kaunti ya Kajiado, ndipo msimu wa kupiga chafya unapowadia. Macho huwasha, pua hutiririka kamasi jepesi, na baadhi ya watu huamka kope zikiwa zimevimba hata kuyafumbua macho ni taabu. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba hiyo ni aleji, wakanunua vidonge na kungoja siku zipite.

Mara nyingi huwa wamesema kweli. Hata hivyo, kuna nyakati ambapo uso uliovimba ni ishara ya figo zilizougua, au ya dawa ya shinikizo la damu ambayo mgonjwa ameimeza kwa miaka bila kuishuku. Kuchelewa kuitambua tofauti hiyo kunaweza kugharimu maisha.

Oltepesi iko kando ya barabara ya Magadi, karibu na Olorgesailie ambako Mary na Louis Leakey walianza kuchimbua mashoka ya mawe mwanzoni mwa miaka ya 1940. Jina lenyewe ni la Kimaasai, nalo humaanisha mgunga, ule mti wa miiba wenye kilele kilichotandazika mfano wa mwavuli. Udongo wa eneo hilo, mweupe kama unga katika sehemu nyingi, ni mabaki ya viumbe vidogo mno vilivyoishi katika ziwa lililokauka zama za kale.

Mti huo na vumbi hilo ndivyo hulaumiwa kwanza, ingawa si washukiwa wakuu. Chavua ya mgunga hushikamana katika vifungu vizito, na kazi ya kuisafirisha huachiwa nyuki na wadudu wengine. Hali ni iyo hiyo kwa mijakaranda ya Nairobi, ambayo kila mwaka husingiziwa mafua kwa sababu tu maua yake ya zambarau yanaonekana na kila mtu. Vumbi nalo hukereketa macho na koo la yeyote anayelivuta, awe na mzio au asiwe nao. Ndivyo ilivyo pia kwa vumbi la machimbo na viwanda vya saruji linalowasumbua wakazi wa Kitengela na Athi River.

Mkosaji halisi aghalabu ni nyasi, ambazo maua yake hayana rangi wala harufu ya kumvutia mpita njia. Kwa kuwa nyasi hutegemea upepo badala ya wadudu, hutoa chavua nyepesi kwa wingi wa ajabu, nayo husafiri mbali. Kwa hivyo, katika nchi yenye misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mgonjwa wa Kajiado anaweza kuteseka mara mbili kwa mwaka, majuma machache baada ya kila msimu kushika. Mathenge, mti ulioletwa nchini miaka ya 1970 kuzuia jangwa na ambao sasa umevamia malisho, nao huongeza chumvi kwenye kidonda; chavua yake inajulikana kuwa chanzo cha mzio nchini India na katika mataifa ya Ghuba ulikopandwa.

Ilichukua muda mrefu kwa wataalamu kulifahamu jambo hili. Daktari Mwingereza John Bostock alieleza maradhi yake mwenyewe ya macho na pua mwaka 1819, akadhani yanaletwa na joto la kiangazi. Ni mwaka 1873 ambapo mwenzake, Charles Blackley, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwilini na kuonyesha kuwa chavua ya nyasi ndiyo iliyomtesa. Neno 'aleji' lenyewe lilibuniwa na Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906.

Kinachotokea mwilini ni kosa la ulinzi. Kinga ya mwili huidhania chavua kuwa adui na kuiundia silaha maalumu, ambazo hujipachika juu ya seli zilizotapakaa puani, machoni na chini ya ngozi. Chavua inaporejea msimu mwingine, seli hizo hupasua vifuko vyake na kumwaga kemikali iitwayo histamini. Mishipa midogo ya damu hutanuka, kuta zake huvuja, na maji huingia katika nyama iliyo karibu. Kope huwa za kwanza kufura kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na imelegea, hivyo maji hupata nafasi ya kutuama.

Kwa kuwa mwili huhitaji muda kuiunda silaha hiyo, mtu aliyehamia Kitengela kutoka mkoa mwingine anaweza kukaa miaka kadhaa bila dalili yoyote, kisha akaanza kuugua ghafla akiwa mtu mzima. Wapo wanaoamini kwamba aliyekulia zizini hapati mzio. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu watoto wa vijijini nchini Austria, Ujerumani na Uswisi ulibaini kuwa waliozoea zizi na maziwa ya nyumbani tangu mwaka wao wa kwanza hawakupatwa sana na pumu na mafua ya chavua. Lakini kupungua kwa hatari si sawa na kutokuwepo kwa hatari.

Mzio wa msimu una alama zake. Huwasha. Huja na chafya na machozi, hushika macho yote mawili, na hurudi majira yale yale. Uvimbe usiofuata kanuni hizo unastahili kutiliwa shaka.

Mfano wa kwanza ni wa mtoto anayeamka uso umejaa, hasa kuzunguka macho, ilhali hajikuni wala hapigi chafya. Ifikapo jioni uso umepungua na miguu ndiyo imevimba. Mkojo wake una povu jingi, au umegeuka rangi ukawa kama chai ya rangi. Huyo hana aleji. Figo zake zinavujisha protini au zimeshika uvimbe, pengine baada ya maambukizi ya koo au ya ngozi. Kipimo chake ni kijikaratasi kinachochovywa katika mkojo, jambo la dakika chache. Inasikitisha kwamba watoto wa namna hii hupewa dawa za mzio kwa majuma mengi kabla ya mtu yeyote kuomba kuuona mkojo wao.

Mfano wa pili unawahusu wazee. Dawa za shinikizo la damu ambazo majina yake kwenye pakiti huishia na 'pril', kama vile enalapril na lisinopril, huwavimbisha midomo, ulimi na uso watu kati ya mmoja na saba katika kila 1,000 wanaozitumia. Watu weusi hupatwa zaidi ya weupe mara kadhaa. Uvimbe huu hauwashi na hauleti vipele, na unaweza kumzukia mtu aliyemeza dawa hiyo kwa miaka bila tatizo, jambo linalomfanya asiishuku kamwe. Isitoshe, hausababishwi na histamini bali na kemikali nyingine iitwayo bradikinini, kwa hivyo vidonge vya kawaida vya mzio haviusaidii. Ulimi ukivimba, njia ya hewa huweza kuzibwa. Mgonjwa wa aina hii hufaa kufikishwa hospitalini bila kukawia pamoja na pakiti ya dawa yake, ili daktari ambadilishie. Kuiacha dawa ya presha bila kupewa nyingine nako kuna hatari yake.

Wa tatu ni mdudu yule mwembamba, mwekundu kwa mweusi, ambaye Wakenya humwita Nairobi Fly. Huzaana kwenye udongo wenye unyevu na kuvutwa na taa usiku. Hang'ati wala hachomi. Sumu imo katika maji ya mwili wake, na humwagika mtu anapomponda. Ngozi huanza kuungua siku moja au mbili baadaye, ikatoa malengelenge, na mkono ulioshika sumu ukigusa jicho, kope hufura vibaya. Uvimbe huo kwa kawaida huwa upande mmoja na huuma kuliko unavyowasha. Dawa bora ni kumpuliza mdudu aondoke, na kuosha kwa sabuni mahali alipotambaa.

Kwa mzio wenyewe, tiba si ngumu. Vidonge vya setirizini au loratadini havileti usingizi mwingi, tofauti na Piriton ambayo haimfai mwendeshaji wa bodaboda aliye kazini. Dawa ya kupuliza puani hufanya kazi vyema ikianza kutumiwa mapema na kila siku. Kunawa uso na kubadili nguo baada ya kutoka malishoni hupunguza chavua inayoingia kitandani.

Tahadhari kubwa ni kuhusu dawa za matone ya macho zenye steroidi. Hutuliza mwasho upesi, na ndiyo sababu wazazi hurudi dukani kununua chupa nyingine na nyingine. Zikitumiwa kwa miezi bila usimamizi wa mtaalamu, huongeza presha ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na mwana aliyekuwa na macho mekundu tu akaishia kupofuka.

Mwenye pumu anastahili uangalizi zaidi. Mnamo Novemba 21, 2016, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne, Australia, wakati wa chavua nyingi ya nyasi. Unyevu uliipasua chavua ikawa chembe ndogo zilizopenya hadi mapafuni. Maelfu walifurika hospitalini na watu 10 wakafariki.

Uvimbe unaoandamana na sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kutapika au kizunguzungu, hasa dakika chache baada ya kuumwa na nyuki, kula chakula fulani au kudungwa sindano, ni dharura. Mgonjwa hulazwa chali na miguu kuinuliwa, au huachwa aketi iwapo hapumui vizuri, lakini hasimamishwi wala kutembezwa. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vidonge vya mzio haviwezi kushika nafasi yake. Hata akipata nafuu, mgonjwa hufaa kubaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani hali hiyo yaweza kurejea bila yeye kukutana tena na kilichomdhuru.