Fuata Maji

Wengi wanaojifunza baiskeli ya milimani mjini Moshi huanza kwa kuelekea kaskazini, kwa sababu Mlima Kilimanjaro upo kaskazini. Stesheni ya treni iko mita 800 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Vihamba, yaani mashamba ya migomba ya Wachagga, huisha na msitu kuanza kwenye mita 1,800 hivi, na kutoka stesheni hadi hapo ni mwendo wa kilomita 15 au zaidi kidogo. Ukigawanya unapata mwinuko wa asilimia 6 au 7. Kwenye karatasi si kitu. Lakini wastani ni muongo: njia za Uru na Kibosho huenda tambarare kwenye mgongo wa kilima, kisha huzama korongoni na kuibuka upande wa pili kwa mpando wa kumfanya hata bodaboda amshushe abiria wake. Anayeanza huko hurudi nyumbani akiamini hana mapafu.

Tuanzie kusini, kwenye Mto Rau. Mto huu unashuka kutoka mlimani, unapita mashariki ya mji, na ukifika chini umekwisha nguvu. Hapo ndipo ulipo Msitu wa Rau, hifadhi ya hekta 570 hivi inayoishi kwa maji ya ardhini: chemchemi zinatoka chini ya miti, na ndiyo maana msitu ni wa kijani kibichi hata Februari, wakati viwanja vya mjini ni vumbi tupu. Kuna mivule ya kuzungukwa na watu kadhaa walioshikana mikono, kuna msoo, mti usiopatikana sehemu nyingi duniani, na juu yake mbega wanaruka wala hawajali baiskeli. Ukitoka upande wa pili unaingia Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika 1987 kwa msaada wa Japani, unaotumia maji ya Rau na ya chemchemi za Njoro.

Njia za huko hazikuchorwa na mtaalamu. Zimekanyagwa na akina mama wenye matita ya majani kichwani na vijana wenye magunia ya mpunga kwenye keria, na mtu mwenye mzigo hana mchezo na mwinuko. Amerika Kaskazini njia za baiskeli hupewa alama kama za watelezaji wa theluji: duara la kijani ni nyepesi, mraba wa bluu ni ya kati, almasi nyeusi ni ya waliokomaa. Rau hakuna vibao, kwa hiyo unajisomea mwenyewe. Angalia mambo mawili tu: kama unaona mita 20 mbele yako, na kama unaweza kuweka mguu chini wakati wowote bila kutumbukia mahali. Penye yote mawili, panda. Penye moja, punguza mwendo. Kwenye matuta membamba kati ya majaruba pia punguza, maana anayeanguka pale haumii, ila mpunga uliolala ni wa mtu.

Sasa matairi. Fundi wa mtaani hujaza upepo mpaka tairi liwe jiwe, kwa kuwa wateja wake wanabeba mikungu ya ndizi kwenye lami. Kwenye njia ya udongo tairi gumu linadunda juu ya kila mzizi na kukurusha. Libonyeze kwa kidole gumba: linatakiwa libonyee kidogo, kisha lirudi. Baiskeli ya mtumba yenye matairi mapana na upepo wa kiasi itakuvusha msituni vizuri kuliko mpya ya bei mbaya yenye matairi membamba. Mizizi ikiwa na unyevu, ikate kwa msalaba, usukani ukiwa umenyooka, bila kugusa breki ya mbele. Breki hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoangusha watu; kwingineko inatosha kidole kimoja, taratibu, makalio yakiwa yamesogezwa nyuma ya siti.

Ukitoka kivulini adui ni mbigili. Ni kijimea kinachotambaa chini, maua ya njano, mbegu zenye miiba ambayo vyovyote itakavyodondoka mmoja unaangalia juu. Beba viraka, gundi na pampu, hakuna mjadala.

Na usiuamini mto kwa kutazama anga la mjini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inaweza kunyesha juu mlimani huku Moshi jua linawaka, na kivuko ulichopita asubuhi maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu ukakikuta jioni yanafika kiunoni. Udongo mweusi wa tambarare nao ukilowa hujaa kwenye tairi mpaka gurudumu likwame. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kujifunza.

Miguu ikishapata nguvu, geuka kaskazini, ila usifuate mto tena. Mto wa mlimani unateremka moja kwa moja ndani ya korongo. Ukiuandama utaibeba baiskeli begani. Wachagga walikutana na tatizo hilo kabla baiskeli haijabuniwa: mashamba yapo juu ya migongo, maji yapo chini korongoni. Wakapanda mbali juu, wakayakinga maji mahali mto ulipokuwa bado juu, wakayapitisha ubavuni mwa kilima kwa mfereji unaoshuka kidogo kidogo hadi ukatokea kwenye migomba. Huo ndio mfongo. Ukiinama mno, maji yanakula udongo. Ukilala mno, yanatuama na tope linaujaza.

Waendesha baiskeli wa Marekani walioanzisha chama cha IMBA mwaka 1988 wana kanuni inayokaribiana sana na hiyo: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inaoukata, na wastani wake usipite asilimia 10. Sababu yao pia ni maji. Njia iliyoelekezwa bondeni moja kwa moja hugeuka korongo kwa masika mawili. Kwa hiyo kijinjia kinachoandamana na mfongo ndicho mpando bora kwa mwanafunzi, na hakuna aliyekijenga kwa ajili yake.

Ila kina wenyewe. Mfongo unasafishwa kwa kazi ya pamoja, maji yanatolewa kwa zamu, na kingo zake mara nyingi ni udongo mtupu. Mfuo mmoja wa tairi unatosha kuyavujisha kwa jirani ambaye si zamu yake. Penye kuvuka, shuka, nyanyua baiskeli. Ukimkuta mzee na jembe lake, "Shikamoo, meku" kwanza, njia baadaye. Yeye ndiye atakayekuambia upande gani wa kingo unapitika.

Tafuta hasa mifongo iliyoachwa. Ipo mingi, tangu mabomba yafike na mito ipungue. Kitako chake kimeota nyasi fupi, mwinuko ni uleule uliopimwa kwa macho na wazee, na hakuna maji ya mtu ya kumwaga.