Kisa Kimoja, Wasomaji Wengi

Kila mwaka dirisha la maombi ya vyuo vya Marekani linapokaribia kufungwa, wanafunzi hunijia na swali moja, na wengi huliuliza kwa sauti ya chini kama watu wanaotubu: “Mwalimu, insha niliyoandikia chuo hiki, naweza kuipeleka na kile?”

Ndiyo, unaweza. Maisha ni yako na maneno ni yako. Wizi ni kuchukua ya wenzako. Mwaka 2007, UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, lilipolinganisha maelezo ya waombaji lilikuta 234 kati yao wamesimulia kisa kile kile cha mtoto wa miaka minane aliyeunguza nguo yake ya kulalia. Kurudia maandishi yako mwenyewe ni jambo jingine, nalo lina kanuni yake: kisa kimoja kinaweza kwenda kwa wasomaji wengi, ila kisiende mara mbili kwa msomaji mmoja.

Kwa hiyo anza kwa kujua nani atasoma nini. Common App, mfumo wa maombi ulioanza mwaka 1975, unakuruhusu kuomba hadi vyuo 20. Insha yake kuu, ya maneno 250 hadi 650, unaiandika mara moja tu na kuituma kwa vyuo vyote vinavyoihitaji. Ndiyo maana hupaswi kutaja jina la chuo ndani yake. Chuo Kikuu cha California kina fomu yake: maswali manane, unajibu manne, kila jibu lisizidi maneno 350, na majibu hayo hayo husomwa na kampasi zote utakazochagua kati ya tisa. Uingereza nako maelezo yako huenda kwa machaguo yako yote, ambayo hayazidi matano. Kwa wanaoanza masomo kuanzia 2026, maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu, na jumla yake haizidi herufi 4,000 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno.

Mifumo yenyewe, basi, imejengwa juu ya kurudia. Kazi ngumu ni maswali ya nyongeza, yale ambayo kila chuo hutunga chenyewe. Hapo ndipo mwanafunzi hunakili, hubandika, akatuma, na jibu likamfikia mtu ambaye hakuuliza hilo.

Tuchukue mwanafunzi wa Tanga ambaye mama yake ana genge la mboga. Jioni akitoka shule, yeye ndiye anayeshika daftari la madeni. Siku moja anagundua kwamba wanaokopa sana hulipa, kwa sababu kila mtu anawakumbuka. Mtaji unamalizwa na wengi wanaochukua fungu moja la mchicha na kusahaulika. Hiki ni kisa chenye nguvu, na kinaweza kujibu maswali kadhaa.

Akiulizwa somo linalomvutia, aanze na hesabu: jinsi alivyopanga madeni kwa juma, akaona mwenendo wake, kisha takwimu za darasani zikampa jina la kitu alichokwisha kukiona gengeni. Akiulizwa ameifaa vipi jamii yake, daftari libaki na sentensi mbili tu. Nafasi yote iliyobaki ni ya akina mama wa magenge ya jirani aliowafundisha, akiwemo yule asiyejua kusoma ambaye walimtungia alama za kuchora. Akiulizwa kuhusu kipindi kigumu, asimulie mwezi ambao mtaji ulikatika na genge likafungwa, na alivyofanya kuanzia asubuhi ya kwanza. Tukio ni lile lile, lakini kila swali limepata jibu lake, na kila jibu lina mwisho wake.

Ufupishaji nao una namna yake. Insha ya maneno 650 haifikishwi 250 kwa kung'oa neno hapa na neno pale. Hubaki mifupa mitupu. Chagua tukio moja ndani yake, liandike upya kuanzia mwanzo, na uyaache mengine.

Sasa rudi kwenye kanuni. Ikiwa genge liko kwenye insha kuu, basi msomaji wa chuo hicho ameshalijua. Akikuuliza swali la nyongeza na wewe ukampeleka gengeni tena, umepoteza nafasi ya kumwonyesha kwaya yako, redio unazotengeneza, au bibi unayemsomea barua. Faili lako husomwa kwa pamoja. Kila insha iongeze kitu ambacho nyingine haikusema.

Yapo pia maswali yasiyosafiri. Stanford huwataka waombaji wamwandikie barua atakayekuwa mwenzao wa chumbani. Chuo Kikuu cha Chicago kinajulikana kwa maswali ya ajabu, mengine yakiwa yamependekezwa na wanafunzi wake. Na lipo lile la kawaida kuliko yote: kwa nini umetuchagua sisi? Jibu linalosifia walimu bora, mazingira mazuri na maktaba kubwa linaweza kutumwa kokote, kwa hiyo halimwambii mtu yeyote kitu. Soma orodha ya kozi, tafuta maabara au mradi unaogusa lile unalotaka kulifanya, kisha andika upya kwa kila chuo. Usitafute njia ya mkato hapa.

Ushauri wangu wa vitendo ni huu. Chora jedwali: safu ya vyuo, ya maswali, ya idadi ya maneno, na ya kisa ulichotumia. Kisa kikitokea mara mbili kwenye mstari wa chuo kimoja, badilisha. Hifadhi kila nakala katika faili lake. Siku ya kutuma, tafuta majina ya vyuo vingine ndani ya maandishi, kisha soma kila insha kwa sauti, swali kwanza, jibu baadaye. Halafu mwombe mtu wa nyumbani asikilize jibu peke yake, bila kumsomea swali, kisha akuambie anadhani uliulizwa nini. Akilitaja swali lenyewe, tuma. Akitaja swali la chuo kingine, rudi mezani. Kisa chako bado ni kizuri, ila hujamjibu aliyeuliza.