Meno ya Kahawia na Mkaa wa Mifupa

Wanachuo wenzangu, ukipanda daladala kutoka Arusha kuelekea Meru utakutana na watu wenye meno ya kahawia, wazee kwa vijana. Wengine hucheka wameziba mdomo. Si uchafu, na mswaki hauondoi. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini vipo visima na mito huko inayopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtu akiyanywa miaka mingi, hata mifupa hupinda.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale.

Njia mojawapo ya kuiondoa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, kisha maji hupitishwa humo. Kwa nini mifupa? Kwa sababu madini yanayojenga mfupa ndiyo yanayojenga jino, na yote huidaka floraidi. Yaani kile kinachoharibu jino la mtoto ndicho kinachofanya chujio lifanye kazi! Mfupa wa ng'ombe unaiwahi kabla haijamfikia. Ila moto ukiwa mdogo, maji yanatoka na harufu. Ukizidi, mkaa unapoteza nguvu.

Kutafuta joto sahihi ni kazi ya watu wa sayansi ya vifaa. Kisima kipi kina floraidi, muulize mwanajiolojia. Daktari wa meno atakwambia madhara hutokea jino likiwa bado linajengeka, kwa hiyo wa kuwahiwa ni watoto. Si ajabu basi Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru imeweka vifaa, nishati, maji na mazingira katika skuli moja. Askwar Hilonga wa hapo alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, kwa chujio linalounganisha mchanga na nanoteknolojia.

Sisi wa ualimu tunaona hayo ni mambo ya watu wa maabara. Mimi sikubali. Mzazi atauliza hii ni mifupa ya mnyama gani, na Muislamu ana haki ya kujibiwa vizuri. Halafu mkaa ukishajaa floraidi, maji hayabadiliki rangi wala ladha. Watoto wataendelea kunywa tu. Ukipangiwa field huko, uliza mkaa wa chujio la shule ulibadilishwa lini, na nani anapima.